Kwa wewe uliyepangiwa Lushoto: mambo niliyojifunza kwa kuchelewa

Barua yako ya kupangiwa kituo inasema Lushoto, Mkoa wa Tanga, na bila shaka umeshaambiwa kuna baridi. Baridi ipo kweli, hasa mwezi wa sita na wa saba, kwa hiyo beba sweta na blanketi zito. Hayo mengine ya safari utayazoea: utashuka Mombo kwenye joto, utapanda gari la Soni, na ndani ya kilomita 33 hivi za kona utakuwa umebadilisha hali ya hewa, mazao na lugha ya abiria walio nyuma yako. Mimi nimefanya kazi huku miaka mingi, kwenye mambo ya kilimo na maendeleo ya jamii. Ninayokuandikia ni yale ambayo hakuna aliyeniambia siku ya kuripoti.

Kwanza jua kwamba wenyeji wana ramani yao, nayo ni ya zamani kuliko ya halmashauri. Juu ni Shambaai, chini ni nyika. Mtu akikuambia "huyo ni wa nyika" hakutukani wala hamtukani huyo mwenzake. Anataja aina ya ardhi, mvua, magonjwa na kilimo kwa neno moja. Wilaya yenyewe ina pande zote mbili. Ukitoka Mlalo ukateremka hadi Mng'aro, tarafa ya Umba, unakuta mpunga na joto, watu wanakaa barazani jioni, na bado uko Lushoto. Nimeona wataalamu wakiandika mpango mmoja wa mbegu kwa wilaya nzima kwa sababu kwenye fomu kuna nafasi moja tu ya kujaza. Usifanye hivyo. Viazi, kabichi na karoti za Lukozi hazina habari na Mng'aro.

Upande wa utawala nitaueleza taratibu, maana hapo ndipo wageni wengi hujikwaa. Wilaya ni moja, halmashauri ni mbili: Lushoto na Bumbuli. Majimbo ya ubunge ni matatu: Lushoto, Mlalo na Bumbuli. Kwa hiyo mtu wa Vuga yuko Wilaya ya Lushoto chini ya Mkuu wa Wilaya huyohuyo, lakini mkurugenzi wake ni wa Bumbuli, na barabara yake ya kijiji iko kwenye bajeti ya Bumbuli. Ukimwahidi kitu ukiwa mtumishi wa Halmashauri ya Lushoto, umeahidi usichokuwa nacho.

Kuna njia mbili za amri, na lazima uzitenganishe kichwani. Mkuu wa Wilaya anamwakilisha Rais. Chini yake kuna Katibu Tawala, na huko chini maafisa tarafa. Mkurugenzi ndiye mtendaji wa halmashauri. Chini yake wako wakuu wa idara, watendaji wa kata na watendaji wa vijiji. Diwani hayuko chini ya yeyote kati ya hao. Amechaguliwa na watu, na ukimruka kwenye kata yake atakukumbuka siku ya baraza la madiwani. Mimi nilimruka mmoja mwaka wangu wa kwanza, kwa kutojua tu, nikaenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji. Kazi ile ilikaa miezi minne bila kusogea, na hakuna aliyenieleza sababu mpaka nilipokwenda nyumbani kwa diwani huyo kumwamkia.

Kijijini napo kuna wawili. Mtendaji ameajiriwa, na ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji, mwenyekiti amechaguliwa. Lakini mtu wa kumtafuta kabla ya wote, kwa maoni yangu, ni mwenyekiti wa kitongoji. Milimani huku kijiji kimoja kinaweza kuwa na migongo mitatu yenye mabonde katikati, na watu wa mgongo mmoja wasifike mkutano wa mgongo wa pili hata mwaka mzima. Mwenyekiti wa kitongoji anajua nani mgonjwa, shamba lipi lina ugomvi, na njia ipi imeporomoka usiku wa jana.

Ukiingia kwenye jambo la ardhi, tembea polepole. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti akikuambia "eneo lipo, sisi tumekubali", uliza muhtasari wa mkutano mkuu. Si kwamba anakudanganya. Mara nyingi anamaanisha wazee wa ukoo wamekubali, na kwake hilo ndilo kubwa. Ila wewe unahitaji yote mawili.

Sasa lugha. Wengi wa wenyeji ni Wasambaa, na Kiswahili wanakijua vizuri, kwa hiyo utashawishika kuamini kwamba hakuna shida. Shida ipo pale watu wanapokuwa na jambo zito. Mkutano utaendeshwa kwa Kiswahili, na uamuzi utafanyika kwa Kisambaa, chini ya mti, wewe ukiwa umeshapanda pikipiki. Jifunze salamu tangu wiki ya kwanza: "onga maundo" asubuhi, na "hongea" ya kushukuru. Kwa wazee shikamoo haikwepeki popote. Kisha endelea kuokota maneno, na ujihadhari na yale yanayofanana na yetu. Bibi mmoja wa Soni niliyekuwa namhoji aliinuka akasema neno lenye "kuita" ndani yake. Nikadhani ameenda kumwita mtu, nikakaa kwenye kigoda nikisubiri huku ukungu unaingia mlangoni. Mjukuu wake ndiye aliyeniambia: kwa Kisambaa kuita ni kwenda. Bibi alikuwa ameniaga, ameshafika shambani.

Wasambaa si peke yao. Upande wa kaskazini, Mtae na Sunga, utakutana na Wapare wengi. Na kandokando ya msitu wa Magamba wako Wambugu, ambao lugha yao imewaleta wataalamu kutoka mbali. Wana namna mbili za kusema: moja iko karibu sana na Kipare, nyingine, ya ndani, wanaiita Kima'a, ina sarufi hiyohiyo ya Kibantu lakini maneno yake mengi yana asili ya Kikushi. Yaani mzee anaweza kusema sentensi moja mara mbili, viambishi vikabaki vilevile na mizizi ikabadilika karibu yote. Nimelisikia hilo kwa masikio yangu, jikoni, mama akimsemesha mwanawe kwa hii kisha akinigeukia kwa Kiswahili, na mpaka leo nikilikumbuka nastaajabu. Ninachokuomba: usiwaandike Wambugu kama Wasambaa kwenye taarifa zako eti kwa kuwa kijiji ni cha Wasambaa. Waulize wanajiitaje, uandike hivyo.

Historia utaihitaji kazini kuliko unavyofikiri. Vugha, ambayo leo kwenye karatasi inaandikwa Vuga, ilikuwa makao ya wafalme wa Wasambaa, wa ukoo wa Kilindi, uzao wa Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862 nchi iligawanyika, na mwanawe Semboja akajijenga Mazinde, kule chini zilikopita njia za misafara. Wajerumani walipokuja waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal. Wazee bado wanao msemo wa kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kinyume chake ni kubana shi, kuiharibu. Mtawala alipimwa kwa hilo: mvua imekuja au haikuja, watu wameshiba au wamekimbilia nyikani. Na wewe mtumishi utapimwa hivyohivyo, hata kama hakuna atakayekutamkia.

Hilo nililielewa kwenye kijiji kimoja juu ya Mlalo. Nilikuwa nimetumwa kuhamasisha hifadhi ya udongo kwenye miteremko. Nilizungumza saa nzima, nikachora matuta kwenye karatasi kubwa, na watu wakaitikia "sawa, mtaalamu". Nikaandika kwenye taarifa kwamba wananchi wamepokea. Wiki tatu baadaye nilirudi, nikakuta hata tuta moja halipo. Mzee mmoja akanikalisha kando, akamwita kijana wa kutafsiri ingawa Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, akasimulia kwa Kisambaa. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kurekebisha ardhi bonde la Mlalo. Watu walilazimishwa kuchimba matuta, na waliokataa walitozwa faini. Baba yake alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa nimekuja na neno lilelile, matuta, na kabrasha la serikali mkononi.

Tulianza upya, kitongoji kwa kitongoji. Nilinyamaza, mwenyekiti akauliza kwa Kisambaa: maji yanapita wapi mvua za masika zikishuka? Waliojibu walikuwa kina mama, maana hiyo miteremko ni wao wanaolima. Mmoja alitushika mkono mpaka shambani kwake akatuonyesha mfereji wa kina cha goti uliokula mistari minne ya maharage. Walichokichagua wenyewe ni majani ya gwatemala kingoni mwa shamba, kwa sababu yanashika udongo na pia ng'ombe wa zizini wanayala. Nenda leo utayaona yamesimama.

Mambo madogo yaliyobaki. Usiitishe mkutano siku ya gulio. Uliza siku hiyo ni ipi kwa kila eneo, maana zinatofautiana, na hakuna atakayeacha kuuza karoti zake akusikilize. Masika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, panga safari za Mtae asubuhi na urudi kabla mvua ya mchana haijafunga barabara. Mtendaji anayekaimu vijiji viwili mpigie simu siku mbili kabla. Na kila mkutano ukiisha, kabla hujasaini muhtasari, mwombe mwenyekiti ausome wote kwa sauti kwa Kisambaa, au kwa lugha ya hapo mlipo, wewe ukae kimya na kalamu mkononi. Itaongeza nusu saa. Mara nyingi ni ndani ya nusu saa hiyo mtu wa nyuma husimama na kusema, "Hapo sivyo tulivyokubaliana."