Nisimame Safu Ipi?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nina miaka 21, nasoma chuo hapa Dodoma, kwetu ni Kondoa. Tangu nikiwa darasa la pili moyo wangu unaniambia kwamba jinsia yangu siyo ile watu wanayoiona. Sijafanya la haramu wala sijamwambia mtu. Ijumaa moja khatibu alisema watu wa namna hii wamelaaniwa na hawana nafasi msikitini. Tangu siku ile nikisimama kwenye safu najiona mwongo, na sasa ni mwezi wa tatu siswali. Je, nimelaaniwa? Swala yangu ingekubaliwa? Na nimwambie mama?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Hukuandika kama ulizaliwa wa kiume au wa kike, na Kiswahili chetu hakikukulazimisha kusema. Nami sikuulizi, kwa sababu jibu ni lilelile. Katika yote uliyoyaeleza, lililoniuma ni hiyo miezi mitatu.

Hadithi aliyoitaja khatibu ipo katika Sahihi Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas: Mtume (s.a.w.) amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake, na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Siifichi. Lakini litazame neno lenyewe, kujifananisha. Hilo ni tendo, mtu hulikusudia. Imamu Nawawi, nguzo ya madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, alipoifafanua Sahihi Muslim alieleza kwamba wanaume wenye hali za kike ni mafungu mawili. Yuko aliyeumbwa hivyo bila kujitia. Huyo halaumiwi, hana dhambi wala adhabu, kwa kuwa ana udhuru. Na yuko anayejitia kwa makusudi. Huyo ndiye hadithi inayemhusu. Maneno haya yamekaa vitabuni zaidi ya miaka 700, na inanisikitisha kwamba laana tunaisoma kwa kipaza sauti, ufafanuzi wake tunauacha kabatini.

Tena wewe hata tendo huna, una hisia tu. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi zinajisemeza, maadamu hawajayatenda wala kuyatamka. Na kuniuliza mimi hakuingii katika kutamka huko. Asiyejua ameamrishwa kuuliza. Kwa hiyo hujalaaniwa, na swala yako ikitimiza sharti zake inaswihi kama yangu.

Kuhusu safu, nikueleze jambo ambalo waumini wengi hawajalisikia. Wanazuoni wa fiqhi walimjadili khuntha, mtu ambaye mwili wake haueleweki kama ni wa kiume au wa kike. Waliulizana atarithi vipi, ataoshwa na nani akifa, na msikitini asimame wapi. Wakasema nyuma ya wanaume na watoto wa kiume, mbele ya wanawake. Walisumbuka kumtafutia mahali. Mlango hawakumfungia.

Hali ya khuntha ni ya mwili, na yako, kama ulivyoieleza, ni ya nafsi, kwa hiyo hukumu hazifanani. Kama una shaka na maumbile yenyewe, anza kwa daktari. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko hapo hapo karibu na chuo. Mwaka 1988 Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, akiwa Mufti wa Misri, aliruhusu upasuaji unaodhihirisha umbile lililofichika mwilini, akaukataa ule wa matamanio ya kubadili jinsia peke yake. Wanazuoni wengi wa Kisuni wako hapo, nami niko hapo. Hukuniuliza hilo, lakini nikilinyamazia nitakuwa nimekudanganya.

Sasa mama. Huku kwetu kijana akisema nafsi yake haitulii, huambiwa moja kati ya mawili: ana mashetani, au apelekwe Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Kisomo sikikatazi, Qur'an ni ponyo. Ila mtu akikwambia lazima akuchape ili jini atoke, inuka uondoke. Na Mirembe ni hospitali kama nyingine, haina aibu. Ukifika mahali pa kukosa usingizi siku nyingi, au moyo ukakuambia bora ufe, nenda siku hiyohiyo wala usingoje mtu akupeleke. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 29, msijiue, na aya haikuishia hapo: hakika Yeye ni mwenye kuwarehemu. Mara nyingi tunaikata katikati.

Mama usimwambie kwa pupa. Tafuta kwanza mtu mzima mmoja katika ukoo, shangazi au mjomba, ambaye hujawahi kusikia siri ya mtu ikitoka kinywani mwake, umwambie huyo. Kunyamaza kwako si uongo. Muislamu ameruhusiwa kujisitiri, na sisi tumeamrishwa kumsitiri.

Leo magharibi rudi kwenye safu ileile uliyoiacha. Swala za miezi mitatu utazilipa: kila ukimaliza faradhi ya leo, swali na moja ya zile zilizopita, usijibebeshe zote kwa mkupuo. Na kama miguu itakuwa mizito kuingia msikitini peke yako, njoo kwangu baada ya alasiri, tutaingia pamoja.

Wallahu aalam.