Nani ameachia nini? Kwa mnaoanza kusoma viungio vya seli

Wadogo zangu mnaoanza histolojia, yaani somo la tishu za mwili, mwaka huu, mtapewa jedwali. Kushoto majina ya viungio vya seli za epithelia, zile zinazofunika ngozi na kuta za viungo kama utumbo, katikati protini zake, kulia kazi zake. Mimi nililikariri lote kwa usiku mmoja, nikafaulu mtihani, na baada ya miezi miwili lilikuwa limeshanitoka kichwani. Lilinirudia nilipoanza kazi kliniki ya ngozi, na safari hiyo halikuondoka tena, maana lilikuja pamoja na wagonjwa.

Wa kwanza alikuwa mama wa makamo mwenye vidonda vya mdomoni visivyopona, kisha malengelenge mgongoni. Malengelenge yake yalikuwa yamelegea. Ukiyagusa yanapasuka, na ukisugua ngozi ya pembeni inayoonekana nzima, tabaka la juu linateleza chini ya kidole. Wiki hiyohiyo akaja mzee wa miaka zaidi ya 70. Naye ana malengelenge, lakini yamejaa na kukaza kama mpira uliotiwa upepo, unayabonyeza hayapasuki. Daktari aliyekuwa akinifundisha hakunitajia ugonjwa wowote. Aliniuliza tu, "Nani ameachia nini?"

Kwa yule mama, seli zilikuwa zimeachiana zenyewe kwa zenyewe. Hiyo ndiyo pemfigasi. Kingamwili za mgonjwa hushambulia desmogleini, protini ya ukoo wa kadherini inayochomoza kutoka seli moja na kushikana na ya jirani kwenye kiungio kiitwacho desmosomu. Kwa upande wa ndani, desmosomu imefungwa kwenye nyuzi za protini ya keratini zilizo ndani ya seli, kwa hiyo ngozi ikivutwa, nguvu husambaa uzi kwa uzi na seli kwa seli. Mshiko huo ukiondoka, seli za juu huelea kwenye majimaji, wakati safu ya chini kabisa inabaki imesimama juu ya utando wa msingi, yaani sakafu ya seli hizo, imejipanga kama mawe ya makaburini. Paa la lengelenge linakuwa jembamba na dhaifu, ndiyo maana linapasuka. Kabla ya dawa za steroidi kupatikana, wengi wa wagonjwa hawa walikufa.

Kwa mzee, seli zilikuwa bado zimeshikana vizuri. Kilichoachia ni epidermisi nzima, yaani tabaka lote la juu la ngozi, imeachia sakafu yake, na paa la unene huo halipasuki kirahisi. Ugonjwa wake ni pemfigoidi, na kinachoshambuliwa ni protini ya kolajeni ya aina ya 17 kwenye hemidesmosomu, kiungio kinachoishika seli kwenye sakafu hiyo. Hapa jina lisiwadanganye. Hemidesmosomu ni nusu ya desmosomu kwa sura tu, kama inavyoonekana kwenye hadubini ya elektroni. Ndani inashika keratini kama mwenzake, ila nje hakuna kadherini. Inatumia protini ya integrini ya alfa 6 beta 4, pamoja na hiyo kolajeni, kushika laminini, protini ya utando wa msingi. Nimewaona wanafunzi wazuri wakikosa swali hili kwa kuliamini jina.

Kisha wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya keratini 5 au 14. Ngozi yao hutoka malengelenge kwa msuguano mdogo tu. Kwao hakuna kiungio kilichoachia. Uzi wenyewe ni dhaifu, na seli huchanika kwa ndani. Mkizielewa sehemu hizi tatu za kukatika, yaani kati ya seli na seli, chini ya seli, na ndani ya seli, sehemu kubwa ya jedwali mmeshaimaliza.

Viungio vingine viulizeni swali hilohilo. Kiungio cha mshikamano nacho hutumia kadherini kumshika jirani, ila ndani kimefungwa kwenye nyuzi za aina nyingine, za aktini, si keratini. Kadherini haishiki bila kalsiamu. Mkiingia maabara ya kukuza seli mtaambiwa muzioshe kwa maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu kabla ya kuweka tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, na kemikali ya EDTA ili kuzibandua. Msiiruke hatua hiyo. EDTA hunyakua kalsiamu, hivyo kalsiamu iliyobaki kwenye chupa huimaliza bure, na seramu, majimaji ya damu yanayolisha seli, ikibaki huizuia tripsini kufanya kazi.

Juu kabisa, karibu na uwazi wa utumbo, kipo kiungio cha kuziba. Marilyn Farquhar na George Palade walieleza mpangilio huu mwaka 1963: cha kuziba juu, cha mshikamano chini yake, kisha desmosomu. Cha kuziba kimeundwa na protini za klaudini, na ziko za aina zaidi ya 20. Mchanganyiko wake ndio unaoamua kibofu kizibe sana na utumbo mwembamba upitishe chumvi. Kwenye kipindupindu, sumu hufanya seli zitoe kloridi, sodiamu huifuata kwa kupita katikati ya seli, na maji hufuata chumvi. Mgonjwa anakauka ilhali viungio vyake vimeshikana. Vijia vya koneksini, vinavyounganisha seli moja na jirani yake, someni wenyewe, ni vyepesi: protini 6 huku, 6 kule, mlango umepatikana.

Jambo la mwisho ni la mikono. Nilipokata vipande viwili vya ngozi ya yule mama, nilivitia vyote kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili. Kipimo cha kingamwili kwa mwanga wa floresensi, kinachozifanya zing'ae pale ziliponasa, kikashindikana, na ilibidi akatwe tena. Iliniuma sana kumweleza. Tangu hapo naandaa na kuandika chupa mbili kabla mgonjwa hajalala kitandani: formalini kwa lengelenge jipya, na salaini, yaani maji ya chumvi, kwa ngozi nzima ya pembeni, ambayo lazima ifike maabara siku hiyohiyo.

Kipande cha pili cha mama kilipojibiwa niliitwa kukitazama. Kwenye giza la hadubini ulionekana wavu wa kijani, na kila tundu la wavu lilikuwa seli moja. Cha mzee kilikuwa na mstari mmoja tu, mwembamba, umenyooka chini ya seli zote.