Redio ya mezani ya mawimbi mafupi iliyotumika: tazama chumvi kwanza

Wengi wetu huku visiwani tukiona redio ya mezani ya mtumba, suali la kwanza ni bei, la pili ni inashika nini. Kwangu la kwanza ni ilikaa wapi. Hewa ya pwani huila redio kwa ndani hata kama uso wake unang'aa. Muombe muuzaji aifungue mfuniko. Ukiona ukijani kwenye shaba na unga mweupe kwenye miguu ya swichi, iache, hata akushushie bei. Swichi za kuzungusha ndizo huumia mwanzo, na kupata mpya zake ni kazi kubwa.

Nilizokaa nazo kwa muda ni Yaesu FRG-7, Kenwood R-1000 na Icom IC-R71. Kwa usikivu Icom iko juu ya zote. Lakini maelekezo yanayoiendesha yamo kwenye kumbukumbu inayolishwa na betri ndogo ya lithiamu, na betri ikifa redio husahau kazi yake yote. Usiinunue bila kujua kama betri ile imebadilishwa, na nani kaibadilisha. Kwa fundi wa Wete au Chake Chake hiyo ni shida nzito.

FRG-7 ni ya miaka ya 1970, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Masafa yanasomwa kwa kipimo cha kuzunguka, hakuna tarakimu zinazowaka. Unachagua megahezi mpaka taa nyekundu izimike, unalinganisha antena, ndipo unatafuta kituo. Ni taratibu, lakini karibu kila kilichomo ndani fundi wa kawaida anakifahamu. Tena inakubali betri kubwa 8. Waliokuwa Unguja umeme ulipokatika kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua thamani ya hilo. Na umeme ukizimika mtaani, taa za LED na chaja za simu nazo hunyamaza, kelele zinazoingiza redioni zikaondoka, vituo vya mbali vikajitokeza.

R-1000 namshauri anayeanza. Inaonesha masafa kwa tarakimu, na ina vichujio, yaani sehemu za kuzuia vituo vya jirani, vya upana wa kHz 12, 6 na 2.7. Bendi ya mita 31, moja ya bendi za mawimbi mafupi, ikijaa usiku, vituo viwili vikisongana, unageukia kichujio chembamba na maneno yanasikika. FRG-7 haina nafasi hiyo, na hapo R-1000 inaishinda wazi.

Kwa aliyeko Unguja kuna jambo jingine. Mtambo wa mawimbi mafupi wa ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, uko Dole, na masafa yake yanayojulikana ni kHz 11735. Mtambo ukiwa hewani, tembea bendi nzima: ukiisikia sauti ile ile pasipo pake, redio inazidiwa na nguvu ya karibu. Jaribu kwanza kwa antena fupi kabla ya kuilaumu.

Halafu geuza redio usome nyuma. Umeme wetu ni volti 230, na iliyotengenezwa kwa soko la Japani huenda imewekwa volti 100. Kuna zenye kibadilisho cha volti nyuma, kuna zinazohitaji transfoma. Usikubali "jaribu tu" ya muuzaji kabla ya kusoma. Na waya wa antena ukishaufunga kwenye mnazi, uchomoe redioni kila radi zinapoanza, masika na vuli.