Mume wangu yuko ICU Chennai, mimi niko Tabata: niulize nini, nifanye nini?

SWALI: Sista, shikamoo. Mume wangu ana miaka 46. Alipelekwa Chennai, India, kubadilishiwa valvu ya moyo kwa mara ya pili. Upasuaji ulipita salama, lakini baada ya siku chache akapata nimonia, wakamrudisha ICU, na sasa yuko kwenye mashine ya kupumulia. Aliye naye kule ni shemeji yangu, mdogo wake. Mimi nimebaki Tabata na watoto wawili, mkubwa ana miaka 11. Nikipiga simu naambiwa "anaendelea vizuri", halafu nasikia kwa wifi kwamba hali ni mbaya. Usiku silali, nimeshika simu tu. Niulize nini ili niujue ukweli? Niende au nibaki? Na watoto niwaambie nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nimekuwa muuguzi wa ICU hapa Dar kwa miaka mingi, na ndugu walio mbali na mgonjwa nimezungumza nao sana kwenye simu. Ugonjwa wa mumeo huwezi kuutibu ukiwa Tabata. Lakini namna habari zake zinavyokufikia unaweza kuirekebisha leo hii, na nusu ya mateso yako naona yanatoka hapo.

Tuanze na hilo la "anaendelea vizuri". Shemeji yako sidhani kama ana nia mbaya. Kwetu mtu akiwa mbali husemwa "msimshtue", na yeye mwenyewe yuko ugenini, amechoka, anaelezwa mambo ya kidaktari kwa Kiingereza cha haraka, halafu anatakiwa akutafutie sentensi moja ya kukutuliza. Mpigie akiwa ametulia, umwambie wazi: "Shemeji, mimi ndiye mke. Habari mbaya nitaibeba, habari ya nusu ndiyo inayoniua. Na lolote utakaloniambia, sitakulaumu." Hayo ya mwisho yasisahaulike, maana wengi huficha kwa kuogopa lawama.

Halafu mkubaliane njia moja: daktari kwa shemeji, shemeji kwako, na wewe ndiye utakayeandika kwenye kundi la familia la WhatsApp, mara moja kwa siku. Wifi akija na habari tofauti, muulize kaisikia kwa nani na lini. Mara nyingi utakuta ni habari ya jana au juzi iliyozunguka. India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Saa 4 asubuhi kwetu, kwao ni saa 6 na nusu mchana, na kwa kawaida madaktari huwa wameshapita raundi. Huo ndio wakati mzuri wa ripoti. Ukipiga saa 4 usiku, unamwamsha shemeji saa 6 na nusu za usiku, na hana jipya la kukuambia.

Hospitali zinazopokea wagonjwa wengi wa nje huwa na dawati la wagonjwa wa kigeni. Shemeji aende pale aombe mambo mawili: jina lako na namba yako viandikwe kwenye faili kama mke wa mgonjwa, na mpewe neno la siri la kutaja unapopiga simu. Wakikataa kuzungumza na sauti wasiyoijua, wasikukere, wanamlinda mumeo. Ukishaandikwa, omba daktari akupigie kwa video mara moja au mbili kwa wiki, hata dakika kumi tu.

Sasa maswali yenyewe. Daktari akisema hali imetulia, usifurahi wala usilie kwanza. Muulize imetulia kwa msaada wa kiasi gani. Anza na oksijeni. Hewa tunayovuta mimi na wewe ina oksijeni asilimia 21, na mashine inaweza kumpa kuanzia hapo hadi 100. Kama Jumatatu alikuwa anapewa 70, Jumatano 55, Ijumaa 40, basi mapafu yanapata nafuu hata kama bado hajafumbua macho. Ikipanda kutoka 40 kwenda 60, kuna jambo limetokea, na una haki ya kuuliza ni nini.

Uliza pia kuhusu presha: anapewa dawa ya dripu ya kuishikilia isishuke, na je, tangu jana imepunguzwa au imeongezwa? Kuna mkojo, ambao watu huona aibu kuuliza, na sisi wauguzi tunaupima kila saa. Mtu mzima wa kilo 70 tunatarajia atoe angalau mililita 35 kwa saa. Ukipungua, huenda figo zimeanza kulemewa. Hata wakisema atasafishwa damu kwa mashine, usichukulie kwamba figo zimekufa. Kwa wagonjwa wengi wa ICU huwa ni msaada wa muda. Kuhusu nimonia, uliza kama maabara imeotesha mdudu, yaani imemtambua bakteria anayemuumiza, na kama dawa anayopewa inamuua mdudu huyo. Mwisho uliza usingizi: wakipunguza dawa ya kumlaza, anaitika? Anaminya mkono akiambiwa?

Chukua daftari, uandike tarehe na majibu hayo kila siku. Namba ya siku moja itakutisha bure, ila siku tatu au nne mfululizo zitakuonyesha mgonjwa anaelekea wapi, na hata ukizungumza na daktari kwa video atakujibu tofauti akiona unafuatilia.

Jambo moja nikuandae nalo mapema. Akikaa kwenye mashine wiki moja, mbili, wanaweza kushauri kutoboa tundu dogo shingoni ili bomba la hewa lipite hapo badala ya mdomoni. Familia nyingi zikisikia hivyo hulia kama zimeambiwa mwisho umefika. Mara nyingi lengo ni kumpunguzia dawa za usingizi, kumfanya awe na utulivu, na kumwachisha mashine taratibu. Kwa muda hataweza kuzungumza, na akishapona tundu linafungwa.

Mkipata nafasi ya kumwona kwa video, mwombe shemeji kwanza akuelezee utakachokiona. Huenda uso umevimba. Bomba limefungwa mdomoni kwa plasta, jingine linaingia puani kwa ajili ya chakula, na huenda mikono imefungwa kwa vitambaa laini ili asiyang'oe. Pembeni kuna monita yenye mistari inayopanda na kushuka, na itapiga kelele. Kelele hizo ndizo zinazowavunja watu moyo. Hulia mgonjwa akikohoa, hulia kidubwasha cha kidoleni cha kupima oksijeni kikiteleza, hulia akigeuzwa ubavu. Mwangalie nesi. Akiinua macho, akabonyeza kitufe na kuendelea na kazi yake, kwa kawaida hakuna hatari.

Usiache kuzungumza naye kwa kuwa hajibu. Aliyelazwa kwa dawa anaweza kusikia zaidi ya tunavyodhani, na sauti anayoijua inaweza kumsaidia. Rekodi ujumbe mfupi wa sauti kila asubuhi, shemeji amsikilizishe akiingia. Mtaje jina lake kama unavyomwita nyumbani, mwambie leo ni siku gani, yuko wapi na kwa nini, mtoto kapata ngapi kwenye mtihani, maji ya DAWASA yamerudi. Kilio usikirekodi. Dua isiwe ndefu ya kutisha. Wakati wa kuamka wagonjwa wengi huchanganyikiwa: wanaona watu wasiokuwepo, wanamtuhumu ndugu kwamba anataka kuwaua. Ikitokea, ujue ni ubongo uliochoka kwa ugonjwa na dawa, na kwa wengi hupita. Shemeji pia aandike mistari miwili mitatu kila siku kuhusu yaliyotokea. Katika nchi za Skandinavia wauguzi wamekuwa wakiwaandikia wagonjwa wa ICU shajara za namna hiyo kwa miaka mingi, kwa sababu mtu akipona hujikuta amepoteza wiki nzima na kichwani zimebaki ndoto mbaya tu.

Usiku, weka simu ili namba ya shemeji na ya hospitali pekee ndizo ziite, nyingine zote zinyamaze. Kisha iweke mbali na mto. Ikiita utaisikia, na isipoita hakuna cha kuangalia. Mtafute dada au rafiki alale kwako kipindi hiki, na yeye ndiye awajibu wanaouliza "vipi mgonjwa". Kula hata kama chakula hakipiti. Wiki mbili zikikatika hulali kabisa, moyo unakwenda mbio, au umeanza kuona bora usiwepo, nenda hospitali usisubiri. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na kwenda pale hakumaanishi umerukwa na akili. Hilo la kuona bora usiwepo likija, nenda siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize.

Watoto waambie ukweli unaolingana na umri wao, na uwaambie wewe kabla ya jirani. Huyo wa miaka 11 anaona macho yako asubuhi. Mwambie: "Baba alifanyiwa upasuaji wa moyo, mapafu yakaugua, mashine inamsaidia kupumua, madaktari wako naye. Nikipata habari nitakuambia." Akiuliza kama baba atakufa, usiape kwamba hatakufa. Mwambie anaumwa sana na wanafanya kila wanachoweza. Mjulishe na mwalimu wa darasa.

Pesa: michango ni mizuri, ila malipo ya hospitali yaende kwa benki moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali, na risiti zije kwako. Shemeji aombe bili kila baada ya siku chache ili msishtukizwe.

Kuhusu kwenda, maoni yangu ni haya. Akiwa bado amelazwa kwa dawa, utaruhusiwa kumwona kwa muda mfupi tu, kisha utakaa kwenye benchi ukiwawaza watoto. Atakuhitaji zaidi akitoka ICU, hana nguvu hata ya kushika kijiko, na shemeji naye amechoka. Lakini kuna hali zinazobadilisha mpango huo, kwa mfano namba zikizidi kuwa mbaya siku baada ya siku, au moyo wako ukikataa kabisa kukaa. Muulize daktari bila kuzunguka: "Angekuwa ndugu yako, ungeniambia nipande ndege wiki hii?" Wengi hujibu ukweli wakiulizwa hivyo.

Uamue vyovyote, maandalizi yaanze sasa. Kagua pasipoti yako, na kama huna, nenda Uhamiaji. India hutoa viza ya msindikizaji wa mgonjwa, na mgonjwa mmoja anaruhusiwa wawili, kwa hiyo shemeji hatalazimika kuondoka ili wewe uingie. Huombwa mtandaoni, na utahitaji barua ya hospitali, ambayo shemeji aiombe kwenye lile dawati. Weka pamoja cheti cha ndoa na karatasi zote za upasuaji wake wa kwanza, kisha zipige picha, umtumie shemeji leo ampelekee daktari, hata kama wewe hutasafiri.