Bomba la hewa kuziba kwa barafu
Ndugu, unasema sinki linaguguma na kunuka maji taka baridi ya Minnesota, Marekani, inapozidi, na umeshauriwa bomba la hewa likatwe liishie darini. Yaelekea bomba hilo, linaloingiza hewa kwenye mabomba ya maji taka, limeziba juu ya paa. Mvuke wa vuguvugu unapanda kutoka kwenye mabomba, unagandia mdomoni, barafu inakua toka ukingoni mpaka tundu linafunga. Hapo hewa haiingii, na maji yakishuka yanavuta hata yale ya kwenye mkunjo chini ya sinki, na ndiyo yanayozuia harufu. Bomba la kipenyo cha inchi 2 ni jembamba kwa baridi hiyo. Weka inchi 3, na upanuzi uanzie angalau futi 1 ndani ya sehemu yenye joto. Juu ya paa lisitokeze refu mno. Ila kulikatia darini kama ulivyoshauriwa, usikubali kabisa! Gesi ya maji taka itabaki ndani, na mvuke utaozesha mbao.