Magunia sita ya ekari moja yanalisha watu wangapi?

Barua nyingi za msimu huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, Tanzania inaweza kulisha watu wake kwa ardhi yake yenyewe? Tumechagua barua tano. Ukiwa na kalamu na karatasi karibu, utazifuata vizuri zaidi.

Habari za kazi. Kila mwaka tunaambiwa nchi ina hekta milioni 44 zinazofaa kwa kilimo, kwa hiyo njaa haiwezi kutupata. Hesabu hiyo ni sawa? (Msomaji, Kahama)

Ndugu yetu, tuanzie tumboni, kisha twende shambani. Mtu mmoja, ukichanganya wakubwa na watoto, hukadiriwa kuhitaji kilokalori 2,100 kwa siku. Ndicho kipimo ambacho mashirika ya misaada hutumia kupanga mgao. Kilo moja ya mahindi makavu ina kilokalori kama 3,600. Mtu huyo angekula mahindi matupu mwaka mzima, angemaliza kilo 213, yaani magunia mawili ya kilo 100 na kidogo juu yake.

Ekari iliyolimwa kwa jembe la mkono, kwa mbegu ya kurudia na bila mbolea, hutoa magunia kama sita mvua ikiwa ya wastani. Wengi hugawa kilo 600 kwa 213 wakaona karibu watu watatu wameshiba. Hapo wamekosea. Toa kwanza kilo 10 za mbegu ya msimu ujao. Toa kinachomwagika, kinacholiwa na wadudu na panya, na kinachooza. Tukikadiria asilimia 15, na kwa mkulima asiye na ghala zuri hicho si kiwango cha kutisha, zinaondoka kilo 90. Umebakiwa na kilo 500. Ukisaga dona, umelisha watu wawili na theluthi. Ukikoboa upate sembe, karibu robo inatoka kama pumba na unabaki na kilo 375, ambazo hazitoshi hata watu wawili. Pumba haipotei yote, kwa sababu kuku na nguruwe wanaila, lakini kinachorudi mezani ni kidogo: kila kilo ya kuku wa nyama, akiwa hai, imekula karibu kilo mbili za chakula.

Sasa tuitazame nchi nzima. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Wakihesabiwa kwa mahindi matupu, wanahitaji tani milioni 13 na ushei kila mwaka. Kwa ekari inayobakiza kilo 500, hizo ni ekari milioni 26, au karibu hekta milioni 11. Kwa hiyo ndiyo, ardhi inatosha, hata kwa kilimo hiki duni.

Lakini hiyo milioni 44 isikulaze usingizi. Takwimu za mifugo nazo hutaja hekta milioni 60 za malisho. Jumlisha upate milioni 104, ilhali nchi kavu yote ya Tanzania ni hekta milioni 88.6. Maana yake ardhi ile ile imehesabiwa mara mbili, kwa mkulima na kwa mfugaji, na hapo hatujagusa misitu wala hifadhi. Wanaoishi Kilosa na Kiteto wanajua hesabu hiyo inavyogeuka ugomvi. Isitoshe, kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 watu waliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa idadi ya 2022 ni watu karibu milioni mbili kila mwaka. Tukibaki kwenye magunia sita, tunahitaji kufyeka ekari mpya zaidi ya 800,000 kila mwaka. Ekari hiyo hiyo ikitoa magunia 16, ukishatoa mbegu na upotevu unabaki na kilo 1,350, nazo ni dona la watu sita. Hatujapungukiwa ardhi. Tumepungukiwa magunia kumi katika kila ekari.

Serikali hutangaza utoshelevu wa chakula zaidi ya asilimia 120. Mbona bado tunaagiza ngano na mafuta ya kula? (Msomaji, Singida)

Hakuna uongo hapo, ila kipimo hicho kinapima shibe, hakipimi kila kilichomo sahanini. Chakula kilichozalishwa hugawanywa kwa mahitaji ya watu, na mazao yote hugeuzwa kwanza kuwa uzito wa nafaka, maana muhogo mbichi, viazi na ndizi vina maji mengi. Chini ya 100 ni upungufu, 100 hadi 119 ni utoshelevu, na 120 kwenda juu ni ziada. Mahindi yakistawi Ruvuma na Rukwa, asilimia hupanda hata kama chapati ya Dar es Salaam imetokana na ngano ya ng'ambo.

Ngano ina sababu yake. Inataka ubaridi wa Hanang, Karatu au Makete. Mashamba makubwa ya Basotu yalifunguliwa kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970 kwa sababu hiyo. Ukiipanda kwenye joto, hukomaa haraka mno na punje hubaki nyembamba.

Mafuta ndiyo yanayotuumiza, kwa sababu hapo hatuwezi kulaumu hali ya hewa. Alizeti hustawi kwenu Singida, Dodoma na Manyara. Ekari ikitoa kilo 400 za mbegu na mashine ndogo ikikamua robo ya uzito huo, unapata kilo 100 za mafuta. Tukimkadiria kila mtu kilo 10 kwa mwaka, ekari moja inatosha watu kumi. Mbegu bora yenye mafuta mengi, ikikamuliwa kwenye mashine nzuri, inaweza kufika kilo 140 kutoka uzito ule ule. Makosa mawili hurudiwa kila msimu. La kwanza ni kurudia mbegu ya chotara iliyovunwa shambani, nayo hairudii tabia ya mama yake. La pili ni kupiga dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka. Nyuki hufa, na vichwa vya alizeti hujaa mapepe. Ukilazimika kupiga dawa, subiri jioni nyuki wakisharudi mizingani.

Shikamooni wahariri. Je, Zanzibar inaweza kujitosheleza kwa mchele? (Mwanafunzi, Wete)

Marahaba, mwanetu. Kwa mchele peke yake, haiwezi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 visiwani. Kila mmoja akila kilo 100 za mchele kwa mwaka, ni tani 189,000, nazo zinahitaji tani 300,000 za mpunga, kwa sababu kilo 100 za mpunga hutoa mchele kilo 63 hivi. Kwa mpunga wa mvua unaotoa tani mbili kwa hekta ungehitaji hekta 150,000, zaidi ya nusu ya Unguja na Pemba kwa pamoja, wakati mashariki ya Unguja kwenyewe ni maweni. Kwa umwagiliaji, ukivuna tani nne mara mbili kwa mwaka, ungehitaji hekta 37,500. Mabonde ya maji kama Cheju na Kibokwa hayalikaribii eneo hilo. Visiwa vimekula mchele wa meli tangu enzi karafuu ilipoanza kuulipia. Ukitaka kupunguza meli, hesabu muhogo, ndizi, majimbi na samaki pamoja na mchele, na uelekeze maji machache yaliyopo kwenye mabonde yanayovunwa mara mbili.

Babu zetu walilima bila mbolea ya dukani. Kwa nini tusiachane na mbolea ya kuagiza? (Msomaji, Mbozi)

Babu alikuwa na mbolea ambayo sisi hatuna: nafasi. Alilima miaka michache, akaliacha shamba lipumzike hadi msitu urudi. Leo shamba lile lile linalimwa kila mwaka, na kila gunia linalotoka linaondoka na rutuba yake.

Tani moja ya mahindi, yaani magunia kumi, hubeba naitrojeni kama kilo 15. Magunia 16 ya ekari moja yamebeba kilo 24, bila kuhesabu mabua. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, na mara nyingi mmea hupata nusu tu ya unachoweka. Samadi kavu ya zizini ina naitrojeni kama asilimia moja au moja na nusu, tena huachia taratibu. Ili ifanye kazi ya msimu mmoja unahitaji tani nne au tano kwa ekari. Mwenye ng'ombe watatu hana samadi hiyo. Tunaipenda samadi na tunaisisitiza, maana inashika maji na kulainisha udongo kwa namna ambayo urea haiwezi, lakini haitoshi kwa nchi nzima. Sri Lanka walijaribu mwaka 2021. Walipiga marufuku kuingiza mbolea za viwandani ghafla, wakaondoa amri hiyo mwezi Novemba mwaka huo huo, na nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa mchele ikaanza kuununua nje.

Njia ya haraka ya kupunguza mbolea inayoagizwa ni kuacha kuipoteza. Panda sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, mbegu mbili kwa shimo. Ekari itakuwa na mashimo kama 9,000. Weka kizibo kimoja cha soda cha DAP, yaani mbolea ya kupandia, kwa shimo, fukia kwa udongo kidogo, kisha mbegu juu yake. Mfuko mmoja utamaliza ekari. Anayepanda mbegu moja kila sentimita 30 aweke nusu kizibo, la sivyo mfuko utamwishia katikati ya shamba. Mbegu ikigusana na mbolea huungua, na utaona mapengo siku ya kumi. Urea weka baada ya palizi, mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu: chimba kijishimo cha sentimita tano pembeni mwa shina, kisha fukia. Ukiimwaga juu ya udongo mkavu, sehemu yake huruka hewani kama gesi, na mvua kubwa ikija husomba iliyobaki. Pia changanya mbaazi kati ya mistari. Mizizi yake hutengeneza naitrojeni, na majani yanayopukutika hubaki shambani.

Navuna magunia 20, lakini ikifika Januari dumuzi ameshayala. Mwaka jana nilinunua mifuko ya tabaka tatu na bado mahindi yakaharibika. Nakosea wapi? (Mama, Kibaigwa)

Mama yetu, pole sana. Dumuzi alitoka Amerika ya Kati, akagundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hachagui punje nzima wala iliyovunjika. Mifuko uliyonunua, ambayo wengi huiita kinga njaa, inamuua kwa kumnyima hewa. Ina mifuko miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kawaida nje. Wadudu walio ndani humaliza hewa kwa siku chache, wakakoma kula na kuzaliana. Kwa hiyo kosa liko mahali pawili tu: ama mahindi yaliingia mabichi, ama hewa iliingia.

Ubichi upime kwa chumvi. Chukua chupa safi iliyokauka kabisa, ijaze mahindi hadi theluthi, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili au tatu, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Chumvi ikianguka yote chini, umeshuka chini ya 15. Hata hivyo, kwa mifuko isiyopitisha hewa lenga 13, hivyo ongeza siku moja ya jua kali. Anika juu ya turubai, usianike chini, kwa sababu ukungu hutoka kwenye udongo.

Hewa nayo huingia kwa njia ndogo ndogo. Vipande vya magunzi hutoboa plastiki, kwa hiyo pepeta kwanza. Kila mfuko wa ndani ujaribu kwa kuupuliza kama puto kabla ya kutumia. Jaza, ushindilie, kamua hewa juu ya mahindi, sokota mdomo, ukunje, funga kwa kamba. Fanya hivyo kwa mfuko wa ndani, kisha wa pili, kisha wa nje. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta, panya asipate kichochoro. Jambo linaloharibu wengi ni kufungua kila wiki kuchota ya unga. Kila ukifungua, dumuzi anapata pumzi mpya. Tenga gunia moja la kula katika mfuko wa kawaida, na mengine yasiguswe hadi zamu yake ifike.

Mahindi yaliyoota ukungu tunaomba usiyachezee. Sumukuvu iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 iliua wengine kama 20 mkoani kwenu Dodoma na Manyara. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Yaliyovunda usiyachanganye na mazuri, wala usimpe ng'ombe anayekamuliwa, kwa sababu sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.