Jibu: Kwa nini chunusi za mmoja huacha makovu na za mwingine hapana?

Ndugu, umeuliza kwa nini wewe umebaki na mashimo usoni ilhali mdogo wako, aliyekuwa na chunusi nyingi kukuzidi, ngozi yake imerudi laini. Pia umeuliza kama kuna kipimo cha kutabiri hilo.

Tofauti kubwa iko kwenye uvimbe: unadumu muda gani. Kwa wasiopata makovu, seli za kinga huvamia chunusi kwa nguvu, kisha huondoka. Kwa wenye makovu, seli hizo hubaki hata chunusi inapoonekana kupoa. Zikikaa, vimeng'enya viitwavyo MMP, vinavyokata kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara), huendelea na kazi, na tezi za mafuta jirani huharibika. Kinachobomolewa kikizidi kinachojengwa, unapata shimo. Ujenzi ukizidi, kovu linainuka.

Protini inayotajwa sana ni TGF-beta 1, inayoamuru seli zitengeneze kolajeni. Imeonekana kuwa juu kwenye chunusi za watu wenye makovu. Zipo pia TLR-4, kipokezi kinachoamsha uvimbe, na TIMP-2, inayozuia MMP.

Ila hizi hupimwa kwa kukata kipande cha ngozi, tena kwenye utafiti. Ukiuziwa "kipimo cha jeni za makovu", shika hela yako. Daktari wa ngozi atakuuliza kuhusu makovu kwenye familia, ukali wa chunusi, kama unazitumbua, na ulichelewa kiasi gani kuanza dawa. Hilo la mwisho ndilo unaloweza kulibadilisha kwa chunusi zinazotoka sasa.